Nimeanza kuwinda nikiwa na miaka 39, huku Kentucky. Wenye hamu njooni tuelekezane

Mjukuu wa Sikonge

Wakuu, salaam.

Kila nikigusia uwindaji kwenye nyuzi za watu, napata jumbe za pembeni: "Mkuu, naanzia wapi?" Wengi ni ndugu zetu wa huku Marekani. Wana kazi, wana watoto, na kila Novemba wanaona majirani wakivaa fulana za rangi ya chungwa na kupotelea msituni. Nimechoka kuandika jambo lile lile mara kumi, nalimwaga hapa.

Nitangulize hili: sijatoka kwenye ukoo wa wasasi. Babu yangu alikuwa mrina asali kule Sikonge, mimi nimekulia Tabora mjini. Kwetu nyamapori ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Inaletwa usiku, imekaushwa, na aliyeileta hapendi maswali. Siku nilipompigia mama kumwambia nimepata leseni ya kuwinda, alinijibu, "Mwanangu, nyara za Serikali hizo, utafungwa." Nikamtumia picha ya leseni. Akasema hata za kughushi zinapigwa picha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na bunduki. Miezi mitatu nakesha nikitazama video, nalinganisha mitutu, darubini, risasi za kila namna. Kazini tuko zamu moja na mzee mmoja mzungu, mwenyeji wa huku, amewinda tangu utotoni. Nikamwonyesha orodha yangu ya vitu vya kununua. Hakuisoma. Aliniuliza tu, "Umewahi kukaa msituni masaa matatu bila kugusa simu?" Sijawahi. Akaniambia niende nikakae kwanza, bunduki haziishi dukani.

Basi nikaenda. Huku ardhi nyingi ni ya watu binafsi, lakini ya umma ipo na ni kubwa. Msitu wa Taifa wa Daniel Boone peke yake una ekari zaidi ya 700,000. Kuna Land Between the Lakes kule magharibi, kati ya maziwa mawili, na maeneo ya idara ya wanyamapori ya jimbo yametapakaa kila upande. Nilikaa chini ya mti na chupa ya maji. Nusu saa ya kwanza msitu ulikuwa kimya kama makaburini. Baada ya hapo viumbe wakanisahau, wakaendelea na shughuli zao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ukimya ulikuwa ni mimi.

Kiangazi cha 2021 nikachukua mafunzo. Sheria ya Kentucky inasema aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada yake, akishatimiza miaka 12, lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mimi nilisoma mtandaoni, kisha ikaja siku ya uwanjani. Mjue nilikuwa mtu mzima pekee pale ambaye hajaletwa na mzazi wala hajaleta mtoto. Kijana wa miaka 11 ndiye aliyenionyesha namna ya kushika kitako vizuri. Lakini yale waliyotufundisha ndiyo yaliyoniingia damuni: kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umeikagua mwenyewe, mtutu usielekee usichotaka kukiua, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua, na ujue kuna nini nyuma ya unachokilenga. Hilo la mwisho watu hulisahau. Risasi ikimkosa mnyama haiishii hapo, inakwenda kwa mtu.

Silaha yangu ni moja tu mpaka leo, bunduki ya marisawa ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Ukiipakia marisawa madogo inapiga kindi. Ukiipakia ile risasi moja nene, inaangusha kulungu wa hatua hamsini bila maneno. Haina sifa za kutambia, lakini kwa mtu anayeanza ni pesa nyingi imeokoa.

Sasa kindi. Najua mnacheka. Msimu wake hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, unaruhusiwa sita kwa siku, na karibu hakuna mtu mzima anayetaka kuanza naye kwa sababu kila mmoja ana picha ya dume lenye pembe kichwani. Mimi nasema kindi ndiye mwalimu. Unakaa asubuhi chini ya mti wa hikori, ambao njugu zake kindi huzitafuna, unasikia maganda yakidondoka juu ya majani, tik, tik, halafu unakuwa na kazi ya kumwona kabla hajakuona. Ukinyanyua mkono haraka, amehamia upande wa pili wa shina. Siku tatu nilirudi mikono mitupu. Ya nne nilipata wawili. Kuwachuna nako ni shule: ngozi ya kindi inang'ang'ania kama lebo ya chupa. Unachanja chini ya mkia, unaukanyaga mkia kwa kiatu, unavuta miguu ya nyuma juu, ngozi inavuka kama sweta. Nyama yake ngumu kidogo. Tuliichemsha na tangawizi, tukaimalizia kwa tui la nazi la kopo. Mke wangu alikula bila kuuliza. Alipouliza alikuwa ameshamaliza.

Kulungu ni habari nyingine. Huyu wa huku ni yule wa mkia mweupe, akishtuka anauinua kama leso ya kukuaga. Msimu wa bunduki za kisasa hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba, wakati madume yamechanganyikiwa na majike na tahadhari yao imepungua. Mwaka 2021 nilitoka kapa. Nilikohoa mara mbili, simu ikanitetemekea mfukoni mara moja, na upepo ulikuwa mgongoni kwangu siku nzima bila mimi kujua maana yake. Siku hizi nabeba soksi yenye majivu. Naitikisa kidogo, vumbi linaniambia harufu yangu inakwenda wapi. Babu alikuwa akifanya hivyo na moshi wa mizinga, nami nikidhani ni uchawi.

Mwaka 2022 nililipa leseni ya mkaazi dola 27 na kibali cha kulungu dola 35. Siku ya pili ya msimu jike akapita hatua arobaini, nikapiga. Akaruka, akakimbia. Hapa naomba msome polepole maana ndilo jambo lililonifanya niandike uzi huu: nilimfuata baada ya dakika kumi. Damu ilikuwa nyekundu ya kiza, nzito. Sikujua kuisoma. Hiyo ni damu ya maini, na mnyama wa maini unamwacha masaa manne au zaidi. Ukimwacha analala karibu na pale ulipompiga, anafia hapo. Mimi nilimfukuza. Aliinuka, akaruka ua wa waya, akaingia shamba la jirani ambako sikuwa na ruhusa ya kukanyaga. Mpaka nimempata mwenye shamba kwa simu, giza limeingia. Tulimkuta kesho yake asubuhi, koyote, wale mbwamwitu wadogo wa huku, wameshakula nusu na zaidi.

Sikuwinda tena mwaka ule. Yule mzee wa kazini hakunilaumu, alinifundisha tu. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa, hayuko mbali. Ya kiza ni maini. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu, umepiga tumbo, rudi nyumbani ukale, uje baada ya masaa manane mpaka kumi na mawili. Na dawa ya yote ni kutopiga kama hajasimama ubavu, ukalenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua.

Tarehe 11 Novemba 2023, siku ya ufunguzi, nikapata jike chini ya mwaloni mweupe. Njugu za mwaloni mweupe wanazipenda kuliko za mwekundu, ukakasi wake ni mdogo. Alikwenda hatua thelathini akaanguka, namwona. Nilikaa dunguni nusu saa nzima mikono ikitetemeka, ndipo nikashuka.

Maswali karibuni.

Mtoro wa Ngamiani

Nimetandika mkeka kabisa. Ila mkuu, uzi bila picha ni umbea. Na hilo dungu, ni lile lile la kuamia ndege shambani?

Mjukuu wa Sikonge

Ndilo hilo hilo, ila la chuma na linafungwa mtini. Picha sitaweka, kuna watoto wangu ndani yake. Na kwa kuwa umelitaja: huku wawindaji wengi wanaumia kwa kuanguka kutoka juu ya mti. Vaeni mkanda wa usalama tangu mguu ukiwa chini, sio mpaka mfike juu. Bunduki usipande nayo. Itoe risasi, ifunge kamba, panda, kisha ivute.

Njoro_254

Hongera buda. Huku kwetu Kenya hiyo hadithi iliisha 1977 uwindaji ulipopigwa marufuku, na sheria ya 2013 ikakaza zaidi. Ukipatikana na nyama ya swala mfukoni utajua hujui. Kwa hivyo nasoma tu kama sinema.

Lakini wacha niulize kile watu wanaogopa kuuliza. Mtu mweusi, na bunduki, kijijini Marekani, anagongea wazungu mlango akiomba kuingia msituni mwao. Huogopi?

Mjukuu wa Sikonge

Niliogopa. Bado naogopa kidogo, na simshauri mtu ajifanye hana woga.

Kuomba ardhi ya kuwindia huku naona ni kama kuposa. Hauendi peke yako na hauendi na haraka. Mshenga wangu alikuwa yule mzee. Alinipeleka kwa mkulima mmoja anayemfahamu, mwezi wa Julai, mchana, nikiwa nimevaa shati la kazini na wala sio nguo za madoadoa. Bunduki ilikuwa nyumbani. Tulizungumza mahindi na bei ya mbolea dakika arobaini. Nikamwomba, akasema atafikiri. Nilirudi wiki mbili baadaye kumsaidia kurekebisha ua. Hapo ndipo aliponiambia mwenyewe sehemu gani kulungu wanapita. Krismasi namletea soseji za kulungu, mkewe namletea chapati.

Kuna nyumba nyingine nilifunguliwa mlango nikafungiwa kabla sijamaliza salamu. Nilishukuru, nikaondoka. Siku ya kuwinda namtumia mwenye shamba ujumbe nikifika na nikitoka, gari naegesha mahali anapopajua. Fulana ya chungwa na kofia ya chungwa ni sheria kwenye msimu wa bunduki, kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote. Mimi nazivaa tangu kwenye gari.

Wa Uvira

Jambo ndugu. Mimi ni Mukongomani, niko Louisville. Nilitoka Uvira, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 14 mbele ya kuja huku. Kambini kuni zenyewe zilikuwa shida, kuwinda usiseme. Sasa nina green card, kibali cha kukaa huku daima. Watu wananiambia mgeni hana haki ya kushika bunduki. Kweli ni nini?

Tena nikupe siri yangu. Mimi nilianza upande wa nyama. Mwezi wa 11 mabucha ya kulungu yanatafuta watu wa kisu usiku. Nilifanya misimu miwili. Nimeona zaidi ya mizoga 300, najua risasi mbaya inaharibu nyama namna gani. Lakini sijapiga hata mumoja.

Mjukuu wa Sikonge

Kaka, wewe umeanzia pazuri kunishinda. Mimi jike wangu wa kwanza nilimpasua kibofu, nikaosha nyama huku nalia.

Kuhusu sheria: mwenye green card anaruhusiwa kumiliki, kwa masharti yale yale ya raia. Aliyekuja kama mkimbizi naye haangukii kwenye katazo la wenye viza za muda. Wenye viza za muda, mfano wanafunzi, sheria ya shirikisho inawakataza bunduki na hata risasi, isipokuwa wachache, na mmojawapo ni yule mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Lakini sikilizeni: kosa la silaha kwa asiye raia linaweza kumrudisha mtu kwao hata akiwa na green card. Ukiwa na kesi yoyote ya nyuma, hata ugomvi wa nyumbani uliokwisha, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaingia dukani. Dola chache hizo usizionee uchungu.

Na kuna njia ya upinde. Msimu wake Kentucky hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kwenda mpaka Januari. Ni mgumu zaidi, lazima umkaribie mnyama sana, ila masuala ya bunduki unayakwepa.

Mpenda Haki

Samahani nitaharibu sherehe. Mna maduka yamejaa nyama, mnakwenda kuua kiumbe kwa starehe halafu mnatuandikia mashairi ya njugu za mwaloni. Huyo jike wa 2022 alikufa kwa nini? Ili ujifunze?

Mjukuu wa Sikonge

Ndiyo, alikufa kwa sababu nilikuwa sijui, na ndiyo maana nimemwandika badala ya kumficha.

Kuhusu starehe, sitakudanganya kwamba sifurahii. Nafurahia. Lakini Kentucky mbwamwitu waliisha zamani, wanaompunguza kulungu zaidi ni magari na sisi. Na tangu 1937 kuna sheria ya shirikisho inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, fedha zinarudi majimboni kutunza wanyamapori. Hayo hayamfanyi kila mwindaji kuwa mtu mwema. Nimeona watu wakikata pembe wakaacha mwili, nikasikia kichefuchefu kama wewe.

Bi Saada

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, niko Ohio, mume wangu ameanza mwaka jana. Nataka kuwapa wenzangu Waislamu kidogo, maana tulihangaika.

Mawindo yana hukumu yake, msiyafananishe na kuku wa bandani. Surat al-Maida aya ya 4 imezungumzia mbwa waliofunzwa, na imetaka litajwe jina la Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wengi wa sasa wameiweka risasi pamoja na mshale kwa kuwa inapenya mwili. Mume wangu anasema Bismillahi pale anapofyatua, sio baada. Akimkuta mnyama amekwisha kufa kwa risasi ile, ni halali. Akimkuta yu hai bado, anamchinja. Aliyeanguka majini akafia humo tunamwacha, kwa sababu hujui kilichomuua ni risasi au maji. Huyo kindi wenu muulizeni sheikh wenu, sisi hatujaweza kumla na sababu yangu mimi si ya dini.

Swali langu: mafuta ya kulungu yananishika kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa. Nakosea wapi?

Mjukuu wa Sikonge

Waalaykum salaam dada, ahsante kwa elimu.

Hukosei, mafuta yake ndivyo yalivyo, yanaganda haraka. Yaondoe yote kabla ya kupika, pamoja na ule utando mweupe unaong'aa. Nyama ya kusaga ichanganye na mafuta ya ng'ombe. Minofu ya mgongoni usiipike kama nyama ya ng'ombe mzee. Kikaango cha moto, dakika chache, itoe. Mapaja na mabega ndiyo ya kuchemsha taratibu. Maini ni ya siku ile ile, na vitunguu vingi.

Na mnyama akianguka, kabla hujamsogeza jaza rekodi ya mawindo, kisha ripoti kwa idara kabla ya saa sita usiku ule, ukiwa hujamchuna wala kumkata kichwa. Ni simu ya dakika tano au mtandaoni. Nyama ipoe haraka. Novemba huku inaweza kuwa na joto la kuvaa fulana, msidanganywe na kalenda. Mimi naweka mifuko ya barafu kifuani.

Nyongeza: Desemba 2023 ule ugonjwa wa kudhoofika unaokula ubongo wa kulungu uligunduliwa kwa mara ya kwanza Kentucky, wilaya ya Ballard. Haujathibitika kumwambukiza mtu, lakini ushauri ni kutomla aliyeugua. Mkiwinda magharibi kule someni kanuni za mwaka huo kabla ya kusafirisha kichwa au uti wa mgongo.

Mnyalu wa Mafinga

Wakuu mmetusahau tuliobaki nyumbani. Bongo inawezekana kihalali?

Mtoro wa Ngamiani

Nijibu mimi, shemeji yangu alishawahi kupita njia hiyo. Inawezekana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inatambua leseni kwa raia, na wa kumuona ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ofisi ya kanda yako. Msimu huanza Julai. Silaha ni mlango mwingine kabisa, huo wa polisi, na uanze nao mapema kwa sababu ni mrefu. Kuna vipindi uwindaji wa wenyeji ulisimamishwa, kwa hiyo uliza kwanza kama mwaka huo vibali vinatoka. Usikubali kabisa mtu wa kukuambia "twende tu, namfahamu askari." Kama shida yako ni kitoweo, siku hizi kuna bucha za nyamapori zilizosajiliwa. Nunua, risiti iweke pamoja na nyama mpaka iishe.

Wa Uvira

Ndugu wa Sikonge, mimi nimeamua. Mafunzo nimeandikisha jana. Bunduki sina bado. Agosti unaweza kunichukua kwa kindi?

Mjukuu wa Sikonge

Jumamosi ya tatu, saa kumi na moja alfajiri uwe kwangu. Nitakuwa na bunduki moja tu, tutapokezana, na asiyeishika ndiye anayesikiliza maganda. Viatu visiwe vipya, vitapiga kelele. Simu iache kwenye gari. Kisu njoo nacho wewe, changu baada ya uliyosema naona haya kukionyesha.

Mtoro wa Ngamiani

Na picha?

Mjukuu wa Sikonge

Simu si tumesema zinabaki kwenye gari?